Baba anasema hii si jazi

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mwezi uliopita nilipata albamu ya mwimbaji wa Marekani Gregory Porter, Liquid Spirit, na tangu siku hiyo sisikilizi kingine. Tatizo ni baba. Yeye ni mtu wa dansi, ujana wake wote aliucheza kwa Morogoro Jazz. Ananiuliza, "Jazi gani hii, gitaa liko wapi?" Rafiki yangu naye anasema hiyo ni R&B (rhythm and blues) tu, ya kubembelezana. Nani mkweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Baba yako usibishane naye. Neno jazi lilipofika kwetu lilishika njia yake. Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, zote zilikuwa bendi za dansi. Mtu aliyemcheza Mbaraka Mwinshehe akisikia jazi, sikio lake linangojea gitaa la solo liingie. Hajakosea, anazungumzia kitu kingine chenye jina hilohilo.

Rafiki yako ndiye nitakayemjibu kwa kirefu, maana hilo neno lake "tu" limenichoma.

Liquid Spirit ilitoka mwaka 2013 chini ya Blue Note, kampuni inayorekodi jazi tangu 1939. Januari 2014 ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa jazi. Lakini katika tuzo hizohizo wimbo mmoja wa humo humo, "Hey Laura", ulikuwa unashindania kundi la R&B ya asili. Kama watoa tuzo wenyewe waliiweka kwenye nyumba mbili, wewe na rafiki yako mna haki ya kubishana.

Na hilo jina rhythm and blues lenyewe si la zamani sana. Ni la mwaka 1949, jarida la Billboard la Marekani lilipoacha kuita muziki wa Wamarekani weusi "rekodi za mbari" kwenye orodha zake. Jina lilibadilika, wapigaji walikuwa walewale. Wengi wao waliokota sauti kanisani, na Porter pia. Alikulia Bakersfield, California, mama yake akiwa mhubiri. Chuoni San Diego alikuwa mchezaji wa futiboli ya Kimarekani mpaka bega likaumia. Mama yake alipokuwa mgonjwa wa saratani, karibu na kufa, alimsihi mwanawe asiache kuimba.

Mimi nimeimba alto kwaya ya kanisa miaka 19, na hilo nalisikia kabla sijaambiwa. Wimbo unaobeba jina la albamu una makofi ya ibada kabisa, yale ya kukuinua kwenye benchi. Mara ya kwanza kuisikia nilikuwa napiga pasi. Ilipofika "Hey Laura", huyo bwana anayebonyeza kengele ya mlango wa mwanamke usiku, anajua jibu atakalopewa na bado anauliza, nilizima pasi nikakaa. Hapigi kelele hata kidogo. Ana sauti nene ya kifuani, baritoni, na angeweza kuupasua wimbo ule akitaka. Anaushikilia. Hiyo ni R&B, mwanangu, na mwambie rafiki yako kubembeleza kwa namna ile ni kazi ngumu kuliko kupayuka.

Jazi iko wapi basi? Sikiliza "Water Under Bridges". Ni yeye na piano ya Chip Crawford, basi. Piano inamsubiri, inamkwepa kidogo, inamkuta mwisho wa mstari. Kwaya yangu ingepotea hapo, kwa sababu hakuna anayekuhesabia. Wawili hao wanasikilizana pumzi.

Halafu kuna "The In Crowd", ambao kwangu ndio jibu la swali lako zima. Dobie Gray aliuimba ukavuma mwanzoni mwa 1965, wimbo wa vijana wa mjini. Mwaka huohuo Ramsey Lewis, mpiga piano wa jazi, akaupiga na watu wake wawili mbele ya hadhira kwenye klabu moja ya Washington, bila kuuimba, nao ukavuma upya. Porter akiuchukua miaka karibu 50 baadaye anaurudisha mdomoni, huku bendi yake ikiupiga kama watu wa jazi. Sidhani aliuchagua kwa bahati.

Kwa baba anza na huo, kisha "Liquid Spirit", maana humo kuna tarumbeta na saksafoni, na mtu wa dansi hawezi kuzinyima sikio. Nyimbo za piano peke yake mwekee usiku, akishakula. Na tafadhali usimwekee kwenye simu. Azima spika ya maana, hata ya jirani, kwa sababu besi ya Aaron James haisikiki kwenye simu, na baba aliyezoea besi ya dansi ataitafuta hiyo kwanza.