Programu "imetambua" ayoni au "imebaini"?

Msomaji anayeandika tasnifu ya kemia anauliza kama sentensi yake, "Programu imetambua ayoni za salfeti katika sampuli ya maji," ina kosa (ayoni ni atomu au kundi la atomu lenye chaji ya umeme), kwa kuwa msimamizi wake amekifuta kitenzi na kuandika "imebaini".

Kisarufi haina kosa. Hoja iko kwenye maana. Kutambua ni kukijua kitu kwa sababu ulikwisha kukifahamu kabla, ndiyo maana husemwa kwamba mtu amemtambua nduguye kwa sauti tu. Kubaini ni kufikia ukweli kwa kufuata dalili, hata kama kitu chenyewe hukuwa ukikijua. Kwa hiyo, ikiwa programu ililinganisha vipimo vya spektromita ya tungamo, yaani mashine inayopima tungamo (masi) za ayoni, na hazina ya ayoni zilizokwisha kurekodiwa, "imetambua" inafaa kabisa.

Hata hivyo, programu nyingi hazifanyi hivyo tu. Salfeti huonekana mara nyingi kama HSO₄⁻, ambayo tungamo yake ni 96.9601, na jirani yake wa karibu mno ni H₂PO₄⁻ ya fosfeti, yenye 96.9696, hivyo mashine isiyopima desimali kwa makini huziona zote kuwa 97. Programu hujumlisha tungamo za elementi mbalimbali na kuorodhesha kila fomula inayokaribia kipimo, na katika hatua hiyo haijatambua wala kubaini chochote, bali imependekeza. (Kitenzi hiki watafiti hukikwepa, nadhani kwa sababu kinasikika kinyonge.) Ndipo hutazama isotopu, yaani aina za atomu za elementi moja zinazotofautiana kwa tungamo: salfa-34 iliyomo katika salfa ya asili, ikisaidiwa kidogo na oksijeni-18, huipa HSO₄⁻ kilele (mwinuko kwenye grafu ya vipimo) kingine penye tungamo 99, chenye urefu wa karibu 5% ya kile cha kwanza cha 97, ilhali cha fosfeti hakifiki 1%, kwa kuwa fosforasi ina isotopu imara moja tu. Kilele hicho kikionekana kwa kiwango kinachotarajiwa, "kubaini" kunastahili.

Msimamizi, basi, ana haki ikiwa isotopu zilikaguliwa. Mimi ningekwenda mbele kidogo na kumweka mtafiti kuwa mtenda, kwa sababu ndiye atakayeulizwa: "Kwa kutumia programu, tulibaini kuwa kilele cha 97 ni cha HSO₄⁻." Palipo na orodha ya fomula bila ushahidi wa isotopu, aandike "programu ilipendekeza".