Homa ya mtoto bila mafua wala kikohozi: msiyasingizie meno

Binti yangu alikuwa na miezi saba alipoanza kuchemka usiku. Hakohoi, hana mafua, haharishi. Kipimajoto kikasoma 39.2. Mimi na mama mkwe tukaafikiana haraka: ni meno hayo. Si udenda unamchuruzika, na kila anachoshika anakitafuna? Siku ya tatu akagoma kunyonya, ndipo tulipokimbilia hospitali.

Malaria ilipimwa, haikuonekana. Masikio na kifua, salama. Daktari akauliza, "Mkojo je?" Sikuwa nimeuwaza kabisa, na humo ndimo jibu lilimokuwa: maambukizi ya njia ya mkojo. Mtoto wa umri ule hawezi kusema anaumia akikojoa, kwa hiyo mara nyingine homa ndiyo dalili pekee. Kuupata mkojo wenyewe ni kibarua. Unamsafisha, unamvua nepi, unasubiri na kikopo kisafi mkononi (wangu alinikojolea mimi kwanza). Usikamue nepi, mkojo huo umeshachanganyika na vijidudu vya ngozi na vya choo.

Meno yanaweza kupandisha joto kidogo tu. Likifika 38, tafuta sababu nyingine. Mtoto wa dada yangu alichemka siku tatu, homa ikashuka ghafla, na ndipo vipele vyekundu vikamtapakaa kifuani. Ilikuwa roseola, ugonjwa wa virusi unaoisha wenyewe. Chanjo nazo huleta homa ya siku moja au mbili, ingawa ile ya surua huweza kuchelewa hata zaidi ya wiki. Na kuna kichanga aliyeviringishwa mablanketi matatu: mpunguzie, kisha mpime tena.

Ila aliye chini ya miezi mitatu akifika 38, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata akionekana mchangamfu. Kwa umri wowote, usingoje kuche ukiona degedege, utosi umevimba, anapumua mbiombio, amelegea au haamki vizuri. Paracetamol hupimwa kwa uzito wa mtoto, si kwa kukisia kijiko. Aspirini asipewe kabisa.

Wangu alipewa antibiotiki, na siku ya pili homa ikaanza kushuka. Meno yake mawili ya kwanza yalichomoza wiki tano baadaye, bila homa yoyote. Mama mkwe hajalizungumzia hilo.