Jibu: Diski inalia tik-tik, picha za harusi zimo ndani
Pole sana ndugu yangu. Kama diski yako (hard disk) inalia tik-tik na kompyuta inaganda ukifungua picha, kama ulivyouliza, izime sasa hivi. Mlio huo mara nyingi ni kichwa cha kusomea kinahangaika, na kadiri diski inavyozunguka ndivyo kinavyoweza kukwangua sahani za ndani zinazohifadhi data. Usifomati, wala usiendeshe CHKDSK (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski), utaichosha bure.

Ukiiwasha tena iwe kunakili tu: picha za harusi kwanza, muziki baadaye, kwenye diski mpya ya nje. Tumia laptopu yenye chaji, umeme usije ukakatika katikati. Mimi hapa Mwanga, Kigoma, nilisema "nitanakili kesho", nikapoteza picha za marehemu mama. Inaniuma mpaka leo.

Ikigoma kuonekana kabisa, usiifungue nati nyumbani, vumbi litaimaliza.