Kutoka Kisongo hadi KIA, nusu saa inatosha?

SWALI: Shikamoo mzee. Mama yangu anaelekea Uholanzi kwa mdogo wangu, ila ataanzia Zanzibar kwa shangazi. Ndege ndogo itamshusha uwanja wa Arusha Jumamosi saa 9 alasiri, na ile ya Ulaya inaruka KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, saa 2 usiku. Jirani anasema viwanja hivyo vimepakana, nusu saa tu kwa gari. Mimi nipo Moshi na ndiye nitakayempokea. Muda utatosha?
Msomaji, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani amekosea, na kosa hilo nimeliona likiwaachisha watu ndege. Uwanja wa Arusha uko Kisongo, magharibi ya mji, barabara ya Dodoma. KIA iko wilaya ya Hai, katikati ya Arusha na Moshi. Kati yao ni karibu kilomita 60 za lami, na mji mzima wa Arusha umekaa hapo kati.

Nimeendesha teksi njia hiyo miaka 19. Alfajiri nilikuwa natumia saa moja na robo. Alasiri weka saa moja na nusu, na Jumamosi weka mbili, kwa sababu Jumamosi ni siku ya soko Tengeru na magari hutambaa. Kuanzia hapo, Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, kila penye makazi mwendo ni 50, na trafiki wanasimama na tochi za kupima mwendo. Ukifika njia panda ya KIA bado unakata kushoto au kulia, kutegemea utokako, kama kilomita 6 hivi ndani.

Sasa piga hesabu. Safari ya Ulaya inataka abiria awe uwanjani saa tatu kabla, yaani saa 11 jioni. Mama akitua saa 9 kamili, zinabaki saa mbili za kuchukua mizigo na kusafiri. Ndege ya Zanzibar ikichelewa dakika 40, umeshaingia kwenye hatari. Niliwahi kumbeba bibi mmoja kwa hesabu kama hiyo. Tulifika kaunta imefungwa, akalia pale kwenye benchi, nami sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo fanya hivi: zipo ndege za kutoka Zanzibar zinazotua KIA penyewe. Badilisha tiketi, hata ukiongeza pesa. Tazama herufi kwenye tiketi: ARK ni Kisongo, JRO ni KIA. Nawe utapunguza safari, maana ukitoka Moshi kwenda Kisongo unaipita njia panda ya KIA, kisha unarudi palepale.

Ikishindikana, shika barabara ya mchepuo inayopita kusini ya mji hadi Usa River. Utakwepa foleni ya mjini na Tengeru pia. Na mwambie mama afungashe begi laini: ndege nyingi ndogo huruhusu kilo 15 tu, na sanduku gumu hukataliwa.