Kusoma vyura na watoto: anzeni kwa kusikiliza

Dada, umesema uko Dodoma, unawasomesha nyumbani wanao wawili wa miaka 7 na 10, wameikariri picha ya mzunguko wa maisha ya chura, lakini wakimwona chura mwenyewe wanakimbia na wewe unakimbia pamoja nao. Umeuliza uanzie wapi bila maabara. Mimi ni baba wa watatu, tuko Morogoro, huu ni mwaka wa nne tunasoma nyumbani na kila masika vyura ndio somo letu kubwa. Nakueleza tulivyofanya, na tulipokosea pia.

Usianze kwa kumkamata. Subiri usiku, mvua ikishakatika, mkae barazani taa zote zimezimwa, kila mtoto ahesabu anasikia sauti ngapi tofauti. Dakika kumi zinatosha. Sisi tulizipa sauti majina kabla ya kuwajua wenyewe: kulikuwa na Mkoromaji, na mwingine tulimwita Kizibo maana sauti yake ni kama kizibo kinachochomolewa kwenye chupa. Mkoromaji tulimpata usiku uleule kwa tochi, ni yule chura mkubwa wa ngozi ya vipele anayekaa chini ya taa akisubiri wadudu. Kizibo alitusumbua majuma matatu. Ukimkaribia ananyamaza, ukirudi nyuma anaanza. Tulipompata alikuwa mdogo, ana mistari myeusi mgongoni, na watoto wakagundua jambo ambalo sikuwa nimewaambia: haruki, anatembea.

Hapo ndipo maswali yanapozaliwa yenyewe. Wanangu walikuwa wanaijua methali kwamba kelele za vyura hazimzuii tembo kunywa maji. Binti yangu akauliza, kama tembo hajali, basi wanamwambia nani? Jibu likatuchukua juma zima. Wanaoita ni madume, wanawaita majike, na kila aina ina mwito wake ili jike amfuate dume wa aina yake. Ukimmulika dume akiwa anaita utaona kifuko cha koo kimevimba kama puto. Nyuma ya jicho kuna duara bapa, hilo ndilo sikio lake. Mtoto akishaviona hivyo kwa macho yake, kuvichora ni kazi ndogo.

Kuhusu woga, wengi tumelelewa tukiambiwa mkojo wa chura unaotesha chunjua. Chunjua huletwa na kirusi cha binadamu, chura hahusiki. Kinachoniumiza zaidi ni chumvi. Mtu akimkuta chura mlangoni anachota chumvi anammwagia. Chura, mbali na mapafu, anapumua pia kwa ngozi, na maji anayanywa kwa ngozi hiyohiyo, kwa hiyo chumvi inamkausha na kumtesa vibaya. Niliwaeleza wanangu hivyo, na siku moja mkubwa akamzuia jirani kwa adabu kabisa: "Shikamoo mama, naomba nimtoe mimi." Akamtoa kwa kopo na kipande cha kadibodi.

Kwa sababu ya ngozi hiyo, mkono unaomshika chura lazima uwe umeloweshwa kwa maji matupu, usiwe na sabuni, mafuta wala dawa ya mbu. Mkimaliza, mnaosha kwa sabuni kabla ya kugusa uso au chakula, kwani vyura hubeba vijidudu vya kuharisha. Wale wa ngozi ya vipele wana tezi nyuma ya macho zenye sumu, mikono mitupu haidhuriki lakini usipikiche macho. Mmoja tu tumekubaliana haguswi, yule mweusi mwenye michirizi myekundu mwilini. Ute wake una sumu kali, na akiwekwa chombo kimoja na vyura wengine anaweza kuwaua. Jingine ni kichocho. Watoto wasiingie na miguu mitupu kwenye bwawa au dimbwi lenye konokono. Sisi tunavaa mabuti na kuchota tukiwa ukingoni, kwa chujio lililofungwa kwenye fimbo.

Sasa ndubwi, ambao wengine huwaita viluwiluwi. Mwaka wa kwanza tulikusanya wengi mno, labda mia, tukawaweka kwenye beseni la maji ya bomba. Asubuhi wote walikuwa wamekufa. Watoto walilia, nami niliona uchungu maana kosa lilikuwa langu: maji ya bomba yana dawa ya klorini. Siku hizi tunatumia maji ya mvua au ya palepale dimbwini, ndubwi kumi tu, beseni pana likae kivulini na kufunikwa kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage humo. Chakula ni jani la mchicha lililochemshwa, kidogo sana, na mabaki tunayaondoa kabla hayajaoza.

Mayai yenyewe yanasomeka. Mkoromaji hutaga uzi mrefu wa ute wenye vidoa vyeusi kama shanga zilizotungwa, vyura wengine wengi hutaga bonge. Ndubwi ukimtia kwenye glasi safi na kumtazama kwa chini, utaona utumbo umejizungusha kama kamba iliyokunjwa. Anakula majani, na majani yanahitaji utumbo mrefu. Akigeuka chura wa kula wadudu, utumbo unafupika. Miguu ya nyuma hutokea kwanza. Ya mbele ikichomoza, anaacha kula na mwili unautumia mkia wake mwenyewe. Siku hizo weka jiwe au kipande cha gome apandie, la sivyo atazama, maana sasa ana mapafu. Wakishatoka wote, tunawarudisha palepale tulipowatoa.

Ila kitabu kisiwe ndiyo mwisho. Kwa bibi yao Bagamoyo tuliona povu jeupe kwenye tawi juu ya dimbwi, nikadhani ni sabuni. Kumbe kuna vyura wa mitini wanaotaga ndani ya povu walilolipiga wenyewe kwa miguu, na ndubwi hudondoka majini siku chache baadaye. Halafu waeleze habari za chura wa Kihansi, maana ni wetu. Hafiki sentimita 3, aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa, akiishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Hatagi kabisa, anazaa vitoto vilivyokamilika. Bwawa la umeme lilipopunguza manyunyu, karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini, mwaka 2010 mia moja wakarudishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa korongoni. Mwanangu wa kati aliichora upya picha ya kitabuni, akaweka mshale wa pili usiopita kwenye mayai. Ameibandika ukutani, na mimi naiona ni kazi bora kuliko mtihani wowote niliowahi kumpa.

Chagueni dimbwi moja mlirudie kila juma, siku hiyohiyo, mkiandika tarehe, kama mvua imenyesha, sauti mlizosikia na mlichoona. Daftari letu la mwaka wa pili lilitufundisha mengi kuliko la kwanza kwa sababu tulikuwa na cha kulinganisha.

Mvua za Dodoma huanza karibu na Desemba, na usiku wa mvua kubwa ya kwanza ndio msiukose, vyura waliojifukia ardhini kiangazi chote hutoka kwa pamoja. Chaji tochi mapema. Kama bado unaogopa, shika tochi wewe, watoto wasogee mbele yako, na asubuhi uje utuambie mmehesabu sauti ngapi.