Baba mkubwa alikuwa na duka Mpwapwa, na saa saba mchana lilifungwa

Mleta uzi, umesema mfanyabiashara anayejituma hawezi kuwa baba wa kueleweka nyumbani, lazima kimoja kife, na mwenye mfano tofauti aulete. Mimi ninao. Nililelewa na baba mkubwa Mpwapwa, mkoani Dodoma, tangu darasa la tatu, na nilipomaliza chuo nilirudi kukaa naye dukani nikisubiri ajira. Amefariki miaka michache iliyopita. Jina silitaji, watu wa Mpwapwa watamjua tu.

Alianza na cherehani kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja, enzi za RTC (kampuni za biashara za serikali za mikoa) na maduka ya ushirika, sabuni ikipatikana kwa foleni. Duka lake mwenyewe lilikuwa bado changa ilipofika 1983 na ile kampeni ya wahujumu uchumi. Kwa vijana wa humu: mwenye duka akikutwa na mali asiyoweza kuieleza aliitwa mlanguzi na kukamatwa, na kuna waliomwaga sukari mtoni usiku kwa hofu. Kisa hiki alinisimulia mama mkubwa, kwa sababu mzee mwenyewe hakupenda kukizungumzia. Chini ya kitanda kulikuwa na katoni za sabuni na marobota ya vitenge. Majirani wakamshauri akafukie porini. Yeye kulipokucha akatoa kila kitu, akapanga mbele, akauza kwa bei ya serikali mpaka vikaisha. Hasara tupu. Alisema hawezi kwenda kulala mahabusu mke wake akiwa na mimba ya miezi saba. Walimcheka, wakamwita mwoga. Kwangu hapo ndipo unapomwona mtu huyu alivyokuwa akipiga hesabu: nyumba kwanza, halafu duka. Mwaka uliofuata serikali ikaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, rafu zikaanza kujaa nchi nzima, na yeye alikuwa uraiani, ana leseni yake mkononi.

Sasa hilo suala lako la muda. Duka lilifungwa saa saba mchana, likafunguliwa saa tisa, hata msimu wa karanga ambapo mji mzima unakimbizana. Alikuja kula nyumbani, sinia moja na sisi, ugali wa uwele na mlenda, na ukichelewa unaulizwa ulikuwa wapi kabla hujanawa mikono. Ripoti za shule zilisomwa pale pale. Ugomvi wetu ulisikilizwa pale pale, na hukumu ilitoka kabla ya mboga kuisha. Wateja wa vijijini walishazoea, walikaa chini ya mwarobaini wakingoja. Jirani yake wa mtaa wa pili hakufunga mchana na alimchukulia wateja wengi tu, hilo nisilifiche. Mzee alilijua na hakubadilisha kitu.

Na sisi watoto tulikuwa ndani ya biashara, si nje yake. Ukifika darasa la nne unakabidhiwa bidhaa yako. Mimi nilipewa chumvi. Dada yangu (binti yake, lakini kwetu hakuna kusema binamu) alipewa mafuta ya taa, na kila Jumamosi jioni tukipiga hesabu yeye alikuwa na upungufu. Alilia mpaka akataka abadilishiwe. Mzee akamchukua hadi kwenye pipa, akamwonyesha: mengine yanadondoka ukiyanyonya kwa mpira, mengine yanaruka pipa likipigwa na jua na mfuniko haujakaa sawa. Wauzaji wengi walifidia upungufu huo kwa kukipunja kipimo. Yeye alimfundisha kuhamishia pipa kivulini, kukinga chombo chini ya mpira, na upungufu unaobaki auweke kwenye bei, mteja aujue. Dada leo ndiye anayeendesha mashine ya kusaga, na ukitaka kumpunja kilo moja ya pumba jaribu uone.

Karanga ndizo zilizomjengea nyumba. Alinunua kwa mizani, lumbesa (gunia la kujazwa kupita kiasi) hakuitaka. Alichukua konzi ya karanga za maganda, anatikisa karibu na sikio: zikigonga ndani zimekauka, zikiwa kimya unarudishwa nazo ukaanike. Zenye ukungu alikataa hata kwa bei ya bure, na wakulima walimwona anajidai, maana wanunuzi wengine walizichanganya na nzuri wakasafirisha. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, ilipoua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi, baadhi ya waliomnunia walikuja kumuuliza namna ya kuhifadhi mazao yao.

Mtakaosema alikosa malengo makubwa, nawaelewa, na kwa sehemu nakubaliana nanyi. Wenzake walihamia Dodoma, wakafungua maduka ya jumla pale Majengo, na serikali ilipotangaza kuhamia kweli kweli, wenye viwanja walicheka. Yeye aliwahi kuuziwa kiwanja akakikataa kwa sababu angelazimika kulala Dodoma siku nne kwa wiki. Mama mkubwa kwenye suala la kile kiwanja hajamsamehe hadi leo, na mimi niko upande wa mama.

Madeni sasa. Daftari lake lilijaa kuanzia Januari hadi Machi, ghala zikiwa tupu vijijini, na lilipungua Juni na Julai watu wakishavuna. Alikopesha unga, chumvi, sabuni na dawa ya mifugo. Soda hakukopesha mtu, hata mchungaji. Mwaka wa ukame alichora mstari chini ya jina na kusubiri mavuno mengine.

Alipofariki, msidhani wadaiwa walipanga foleni msibani kulipa. Walikuja wawili. Aliyetangulia kufika ni mfanyabiashara wa jumla aliyedai mzee kamwachia deni la mamilioni. Dada akafungua sanduku la stakabadhi: limelipwa lote, sahihi ya mdai ipo. Akaaga hata chai hakunywa. Kikao cha ukoo kikamteua mama mkubwa, tukapeleka muhtasari na cheti cha kifo mahakama ya mwanzo, akathibitishwa kuwa msimamizi wa mirathi, akaorodhesha mali na madeni yote, anayodaiwa marehemu na anayodai. Kisha akalipitia daftari kwa kalamu nyekundu. Wajane na wale wazee wa vijijini aliwafuta. Wenye mishahara hakumfuta hata mmoja. Kiongozi mmoja wa pale mjini alijibu kwamba deni limekufa na mwenye nalo, basi mama akamfuata ofisini siku ya kusikiliza wananchi, akaketi kwenye benchi na daftari mapajani, akamsomea tarehe moja moja mbele za watu. Alilipa kabla ya mchana.

Anayesumbuliwa na mirathi ya duka, hasa madeni ambayo hayakuandikwa, aulize hapa hapa. Hatua zile tumezipitia zote na nakala za fomu ninazo.