Kabla ya Mashindano Yako ya Kwanza ya Kadi

Wengi wanaojiandaa kwa mara ya kwanza huumiza vichwa wakitafuta kadi ya kuongeza. Mimi ningekushauri uiwaze saa kwanza. Kwenye Magic: The Gathering, mchezo wa kadi wa watu wawili, raundi ya kawaida ni dakika 50, na humo mnacheza hadi michezo mitatu. Atakayetangulia kushinda miwili ndiye mshindi. Ukigawanya, kila mchezo haupati hata dakika 17, na kuchanganya kadi kumo humo humo. Muda ukiisha mnaongezewa zamu tano tu, na mchezo usiomalizika hapo huhesabiwa sare. Ushindi wa raundi una pointi 3, sare ya raundi ina 1. Kwa hiyo anayecheza polepole hajipatii nusu ya ushindi, anapata theluthi, na mpinzani wake naye anaondoka amenuna.

Ndiyo maana nasema nenda na deki (fungu la kadi unazochezea) unayoijua, hata kama ni dhaifu. Deki ya bingwa uliyoinakili wiki hiyo hiyo ina kadi nzuri sana, ila bingwa mwenyewe hutakuwa naye mezani. Jipime hivi: cheza na rafiki, simu ikihesabu dakika. Ukijikuta kila zamu unasoma kadi zako mwenyewe, hiyo deki bado si yako.

Halafu muulize mwandaaji ni mfumo gani unaochezwa, kwa sababu kadi uliyoipenda miaka yote huenda imeshatolewa katika Standard, mfumo wa Magic unaokubali kadi za matoleo ya karibuni tu. Idadi ya kadi nayo inatofautiana kwa kila mchezo. Magic ya Standard inataka kadi 60 au zaidi, na zenye jina moja zisizidi 4, isipokuwa ardhi za msingi, yaani kadi zinazokupa nguvu ya kulipia kadi nyingine. Pokémon inataka 60 kamili. Yu-Gi-Oh! inaruhusu kati ya 40 na 60 kwenye deki kuu, nakala zisizidi 3. Hesabu tena asubuhi ya siku yenyewe, maana mazoezi ya usiku huacha kadi za akiba zimejificha ndani ya deki.

Vifuko vya plastiki viwe vya aina moja na vipya, na ubebe vya ziada. Kifuko chenye kona iliyokunjika kinaifanya kadi itambulike kabla haijafunuliwa, na hata kama hukukusudia, ni kosa. Uhai, yaani pointi za kila mchezaji zinazopungua anaposhambuliwa, uandike kwa kalamu na karatasi. Dadu ni nzuri mpaka mtu aigonge kwa kiwiko. Karatasi inaonyesha mlivyofika hapo mlipo, na ubishi unakwisha.

Kuhusu kuchanganya: kuzipanga kadi mafungu mafungu mezani ni kuhesabu tu. Zichanganye hasa, mara nyingi, kisha mpe mpinzani akate. Asione haya, na wewe usione haya kukata zake.

Usiogope kupoteza raundi ya kwanza. Mashindano haya madogo mara nyingi huendeshwa kwa mfumo wa Uswisi: hakuna anayetolewa, raundi inayofuata unapangiwa mtu mwenye pointi zinazokaribiana na zako. Wakiwa watu 8, kwa kawaida ni raundi 3. Wachezaji wakiwa idadi witiri, mmoja hupumzika na kuhesabiwa ushindi.

Mkitofautiana juu ya kanuni, nyoosha mkono umwite mwamuzi mapema, kabla hamjasonga zamu mbili mbele na hakuna tena cha kurudisha nyuma. Kumwita si kumshtaki mwenzako. Wachezaji wazoefu humwita hata kwa swali dogo.

Kuna jambo moja ambalo wageni hulifanya kwa nia njema kabisa na linaweza kuwafukuzisha. Muda umeisha, mko sare, mmoja anasema, “Turushe dadu, atakayeshinda achukue.” Kwenye Magic hilo ni marufuku, na pia ni marufuku kumwahidi mwenzako sehemu ya zawadi ili akubali kushindwa. Anaweza kukubali kushindwa kwa hiari yake, bila kupewa wala kuahidiwa chochote. Mkitaka kugawana zawadi, mwulizeni mwamuzi kwanza, kabla hamjaanza kupatana wenyewe.